Soksi za ndani ya AFO, KAFO na viatu vya mguu kifundo: kuchagua, kushona, kuvaa

#1 Orthotiki_Moshi

Wakuu, uzi huu ni wa soksi tu: zile za kuvaliwa ndani ya AFO (kifaa cha plastiki kinachoshika unyayo na kifundo mpaka chini ya goti), ndani ya KAFO inayopanda mpaka pajani, na ndani ya viatu vilivyounganishwa kwa chuma vya watoto wa mguu kifundo (unyayo uliopinda kwa ndani tangu kuzaliwa). Awe anavaa kwa sababu ya polio, kiharusi, mtindio wa ubongo, mgongo wazi au ajali, malalamiko yanafanana. Kifaa kimepimwa vizuri, kimekaa vizuri, halafu ngozi inachubuka na kifaa kinaishia uvunguni.

Msimamo wangu, anayetaka kupinga ajue pa kushika: soksi ni sehemu ya kifaa, na ichaguliwe kwa ukali uleule tunaochagulia mikanda na spongi. Cha kwanza kuangalia ni kama inajikunja. Ulaini unafuata baadaye. Soksi laini kama pamba ya hospitali, ikifanya kunjo moja chini ya kisigino, inatoboa ngozi kwa siku moja.

Urefu. Soksi lazima ipite ukingo wa juu wa plastiki. Vaa kifaa, pima kutoka kisiginoni mpaka ukingo wa juu kwa nyuma, ongeza sentimita 5. Hizo 5 ndizo zinazokunjwa kwa nje juu ya ukingo, zinazuia plastiki isikwaruze shavu la mguu na zinazuia soksi isishuke. Soksi ya kifundoni haifai ndani ya AFO hata kwa dakika kumi.

Mshono. Geuza soksi nje ndani, pitisha kidole kwenye mshono wa vidoleni. Ukihisi tuta, achana nayo. Pembeni pa kidole gumba na kidole cha mwisho ndipo fundo la mshono linapokaa, na ndipo kiatu kinapobana zaidi.

Unene. Hapa wengi wanapotea kwa nia njema, wanadhani soksi nene inalinda. Tuseme soksi imeizidi ile ya kupimiwa kwa unene wa milimita 2. Inaongeza milimita 2 kila upande, na mzingo wa mguu unakua kwa 2 × 3.14 × 2, yaani karibu milimita 12.6. Zaidi ya sentimita moja ndani ya plastiki isiyotanuka! Kisigino hakifiki chini, kinaning'inia, na mifupa miwili iliyochomoza pande za kifundo inabaki juu zaidi ya vibonde vilivyotengenezwa kwa ajili yake. Kwa hiyo siku ya kuchukuliwa kipimo cha POP (plasta ngumu ya kufungia mguu), na siku ya kujaribishwa kifaa, nenda na soksi utakayoivaa kila siku. Mwonyeshe fundi sanifu anayekutengenezea kifaa, aishike.

Mdomo wa soksi. Upande wa nje wa mguu, chini kidogo ya goti, kuna kichwa cha mfupa mwembamba, na neva inapita hapo karibu kabisa na ngozi. Ndiyo maana AFO nyingi zinakatwa sentimita 2 mpaka 3 chini ya kichwa hicho. Soksi yenye lastiki kali ikibana palepale, kazi yote ya kukata plastiki chini imepotea bure. Dalili ni ganzi au kuchomachoma kwenye mgongo wa mguu. Lastiki iwe pana na legevu, isiache mfereji kwenye ngozi.

Karibuni. Mafundi cherehani mje pia, mnahitajika humu.

#2 Mkazi_wa_Pwani

Shukrani mkuu. Kwa huku pwani, pamba tupu inakuwa imeloa saa nne asubuhi na haikauki mpaka jioni. Wengine wanasema nailoni inachemsha mguu. Tushike lipi?

#3 Fizio_Mombasa

Ndugu, swali zuri, na jibu linategemea saa za kuvaa na kama mguu una hisia.

Ngozi iliyoloa inashika kitambaa zaidi kuliko ngozi kavu, kwa hiyo msuguano unapanda, na msuguano ndio unaozaa lengelenge. Pamba inakunywa jasho vizuri ila haiachii. Poliesta na nailoni hazinywi, zinalisogeza jasho kuelekea nje ya kitambaa. Kwenye kiatu cha kawaida hilo jasho lingepepea. Ndani ya AFO kuna ukuta wa plastiki, haliendi popote isipokuwa kule kwenye uwazi wa mbele na juu. Ndiyo sababu soksi za michezo zinazosifiwa sana na wakimbiaji hazileti maajabu hayohayo ndani ya kifaa.

Pendekezo langu kwa mtu mzima anayevaa kutwa nzima kwenye joto: mchanganyiko. Soma lebo, tafuta pamba asilimia 70 mpaka 80, nailoni au poliesta 15 mpaka 25, spandeksi (nyuzi zinazovutika kama mpira) 2 mpaka 5. Pamba inakunywa, nailoni inaipa nguvu isitoboke kisiginoni, spandeksi inaishika mguuni isikunjike. Spandeksi ikizidi sana soksi inaanza kubana.

Halafu badilisha mchana. Hili ndilo linalosaidia kuliko aina ya nyuzi. Beba jozi ya pili kwenye mfuko, saa sita au saa saba vua kifaa, pangusa mguu kwa kitambaa kikavu, pangusa na plastiki kwa ndani, acha dakika tano, vaa soksi kavu. Mtu wa ofisini anaweza, mwanafunzi anaweza mapumziko ya mchana mwalimu akiambiwa mapema.

Poda: kidogo sana au usiweke kabisa. Poda ikikutana na jasho inaganda vidonge vidogo na vinasaga ngozi. Mafuta ya mgando na losheni vipake usiku kifaa kikishavuliwa, asubuhi usipake. Ngozi iliyolainishwa na mafuta inachubuka upesi chini ya plastiki.

#4 Mama_Ilala

Samahanini wataalamu. Mtoto wa mguu kifundo aliyetolewa POP ya mwisho, viatu ni vya kuvaa saa 23. Soksi nyingi za watoto madukani zina vitone vya mpira chini ya unyayo na nyuzi nyingi zinaning'inia ndani. Zinafaa? Na je, kuvalisha soksi mbili ni vibaya?

#5 Nesi_Kliniki_Kifundo

Dada, vitone vya mpira hapana. Vinatakiwa kwa mtoto anayetembea juu ya vigae. Ndani ya kiatu vinakwama kwenye ngozi ya kiatu, kisigino hakitelezi mpaka chini, na mtoto akipiga mateke vinakandamiza unyayo. Nyuzi za ndani nazo hatari: uzi mmoja mrefu unaweza kuzunguka kidole cha mtoto mchanga na kukibana mpaka kivimbe. Geuza soksi, kata kila uzi unaoning'inia kwa mkasi mdogo, ndipo uvalishe.

Kinachofaa ni soksi ya pamba, nyembamba, isiyo na maua ya kudariziwa, inayopita juu ya mdomo wa kiatu. Mtoto mchanga miguu yake mifupi, kwa hiyo soksi inayofika karibu na goti inatosha, ila ikizidi urefu ikajirundika kwenye kifundo imeharibu kazi.

Soksi mbili: ngozi inapotoka kwenye POP ni laini na nyepesi kuumia, kwa hiyo siku 2 za mwanzo unaweza kumvalisha mbili. Kuanzia siku ya 3 ni moja tu. Wazazi wengine wanaendelea na mbili kwa sababu kisigino kinachomoka, wakidhani zinajaza nafasi. Kinyume chake ndicho kinachotokea, soksi mbili zinatelezeana na mguu unachomoka kirahisi zaidi. Kaza mkanda.

Namna ya kuvalisha viatu vya ngozi vyenye chuma, vile vya Steenbeek vilivyobuniwa Uganda na sasa vinatengenezwa nchi nyingi (kanuni ni ileile kwa aina nyingine):

Vuta soksi mpaka juu, pitisha kidole gumba chako chini ya unyayo kutoka kisiginoni kwenda vidoleni kuondoa kunjo. Anza na mguu uliokuwa umepinda zaidi. Mguu wa pili ndio atakaotumia kupigia mateke, mwache nao huru mpaka wa kwanza ukamilike. Kunja goti lake, sukuma kisigino chini na nyuma ya kiatu. Ulimi wa kiatu ukae sawa, katikati. Funga mkanda wa kifundo kwanza, huo ndio unaoshika kisigino. Kamba zifuate. Kiatu chenye tundu la kisigino, chungulia: unatakiwa uone kisigino kimekaa chini. Kiatu kisicho na tundu, siku ya kwanza kisigino kikiwa chini kabisa chora mstari kwa kalamu mahali vidole vinapofika. Kesho vidole vikiishia nyuma ya mstari, kisigino kimepanda, vua uanze upya.

Ukishafunga, shika soksi mbele ya vidole uivute nusu sentimita. Vidole vinyooke. Mtoto anakua na soksi haikui, nayo soksi fupi inavikunja vidole mtoto akilala mle usiku kucha.

Wekundu kidogo siku za mwanzo ni kawaida. Lengelenge nyuma ya kisigino maana yake mguu unatembea ndani ya kiatu, mara nyingi mkanda umelegea. Usipake losheni juu ya wekundu, inaongeza tatizo. Na tafadhali, usimpumzishe viatu siku tatu nzima ukisubiri lengelenge likauke bila kuwaambia kliniki. Miezi 3 ya mwanzo ni saa 23 kwa siku, baada ya hapo ni usiku na usingizi wa mchana, saa 12 mpaka 14, hadi miaka 4 hivi. Mguu ukiachwa wazi unarudi kupinda. Piga simu siku hiyohiyo, mara nyingi ni kurekebisha mkanda au kuweka kipande cha spongi.

#6 Kijana_wa_Gikomba

Kwa wanaonunua mtumba: soksi ndefu za mpira wa miguu zinauzwa rahisi na zinafika gotini, ila zipo aina mbili. Zenye sehemu ya unyayo iliyofumwa kama taulo ni nene, ziache. Tafuta zile nyembamba za unene mmoja juu mpaka chini. Inyooshe mbele ya mwanga: kisigino kikiwa kimekonda mpaka unaona upande wa pili, itatoboka ndani ya wiki na tundu lake litakuwa na ukingo unaokata ngozi. Soksi iliyotobolewa na kushonewa kiraka isivaliwe kwenye mguu wa kifaa, mpe mguu wa pili. Stokingi za sare za shule, za pamba, zinafaa sana kwa watoto wa shule za msingi na hazimtofautishi na wenzake.

#7 Cherehani_Tanga

Nimeitwa, nimekuja. Soksi ya AFO inashoneka kwa fulana ya kawaida, na inakuwa bora kuliko nyingi za dukani kwa sababu unaamua mwenyewe mshono ukae wapi.

Kitambaa: fulana ya pamba yenye spandeksi kidogo. Ivute kwa upana. Sentimita 10 zikinyooka mpaka 15 na kurudi, inafaa. Isiporudi usiitumie, italegea mguuni. Fulana ya mtu mzima inatoa soksi mbili mpaka nne za mtoto.

Vipimo vinne: mzingo wa shavu la mguu mahali penye unene, mzingo mwembamba juu ya kifundo, mzingo kutoka ncha ya kisigino kuzunguka mgongo wa mguu, na urefu wa mstari wa mguu mzima, yaani kutoka ncha ya vidole kupitia chini ya unyayo, kisiginoni, kupanda mpaka ukingo wa kifaa, ongeza 5 alizosema mkuu hapo juu.

Hesabu: kila mzingo zidisha kwa 0.9 ili kitambaa kivutike kidogo, halafu ongeza sentimita 1 ya mshono. Shavu likiwa na sentimita 30 unakata 28. Likiwa 24, unapata 21.6 na 1, kata 22.5. Mvutiko wa kitambaa uende kuzunguka mguu. Ukikata kwa kugeuza, soksi haipiti kisiginoni.

Mimi napenda bomba lisilo na umbo la kisigino. Likiwa na umbo na likahama kidogo, kile kifuko kinajikunja palepale kwenye mfupa. Bomba linajitafutia pa kukaa. Mtoto anavyokua pia unalisogeza tu.

Sindano iwe ya kitambaa cha kuvutika, ile yenye ncha ya mviringo, vinginevyo inakata nyuzi na matundu yanafunguka baada ya kufuliwa. Uzi wa poliesta. Mashine yenye zigizaga, weka upana 2 na urefu 2.5 hivi. Cherehani ya miguu ya mshono mnyoofu tu, kivute kitambaa kidogo mbele na nyuma ya sindano wakati unashona, la sivyo uzi unakatika mara ya kwanza inapovalishwa. Mshono wa ovaloki ni imara lakini una tuta, na tuta hilo lazima libaki nje. Soksi hii inavaliwa mshono ukiwa nje, watu waelewe hivyo tangu mwanzo.

Mdomo wa juu usitie lastiki. Kata tu, fulana haichaniki. Ile sentimita 5 inayokunjwa juu ya plastiki ndiyo inayoishikilia.

Swali langu kwa wataalamu: mshono mrefu ukae wapi?

#8 Orthotiki_Moshi

Mkuu Cherehani, ahsante kwa kazi safi. Mshono mrefu uweke mbele, kwenye uwazi wa plastiki, ila usiuweke juu ya ugoko wenyewe. Usogeze upande wa nje kiasi cha upana wa vidole viwili, juu ya nyama. Mkanda wa ugoko unapita hapo na mfupa hauna nyama ya kuulinda. Kwenye mgongo wa mguu mshono uishie upande huohuo wa nje, usikatize katikati ya kifundo ambapo mkanda wa kifundo unakaza.

Mbele, kwa mtoto mdogo acha wazi, vidole vionekane. Kwa anayevaa kiatu cha kufunika, funga kwa mshono mmoja bapa, tuta likiwa nje na likikaa juu ya vidole. Kwenye ncha kucha zinausukuma, usiliweke huko.

Sehemu ambazo hazitakiwi kuguswa na mshono wowote, kunjo wala lebo: kisigino, mifupa miwili ya kifundo, kinundu cha upande wa ndani juu ya upinde wa unyayo, na kinundu cha upande wa nje katikati ya unyayo pale mfupa wa kidole cha mwisho unapoanzia.

#9 Mzazi_Arusha

Na kwa mtoto wa mgongo wazi asiyesikia chochote miguuni? Yeye hawezi kusema panauma.

#10 Nesi_Kliniki_Kifundo

Huyu ndiye wa kumhangaikia kuliko wote humu, pamoja na mtu wa kisukari na aliyewahi kuugua ukoma. Macho yako ndiyo maumivu yake.

Kifaa kipya: siku ya kwanza saa 1 tu, vua, kagua. Ongeza kidogokidogo kila siku kwa ratiba ya kliniki. Kikizoeleka, kagua asubuhi, mchana wakati wa kubadilisha soksi, na usiku. Nunua soksi nyeupe au za rangi nyepesi kwa makusudi: tone la damu au majimaji ya kidonda linaonekana. Kwenye soksi nyeusi ya shule huoni kitu mpaka inuke. Kama shule inalazimisha nyeusi, vaa nyembamba nyeupe ya pamba ndani, kifaa kikiwa kimepimwa kwa hesabu hiyo.

Alama ikifutika ndani ya dakika 20 mpaka 30 baada ya kuvua, ni ya kawaida. Ikibaki zaidi ya nusu saa, kifaa kisirudishwe mguuni, mpeleke kwa fundi. Na hapa nisisitize jambo ambalo maelekezo mengi yanaliruka: ngozi yetu nyeusi haionyeshi wekundu kwa urahisi. Tafuta sehemu iliyokuwa nyeusi zaidi au ya zambarau kuliko jirani yake, inayong'aa, iliyokaza. Kisha tumia mgongo wa kiganja: panapokuwa na joto kuliko mguu wa pili mahali palepale, hapo pana tatizo hata kama jicho halioni. Unyayo ukague kwa kioo kidogo sakafuni, mtu mzima ajikague mwenyewe.

Jambo la pili ni kuanika. Kuna nzi anayetaga mayai kwenye nguo zenye unyevu zilizoanikwa kivulini au zilizoanguka mchangani. Funza wake anaingia ngozini na kutokeza uvimbe kama jipu. Mwenye hisia anaukuna na kuugundua. Asiye na hisia anautembelea na kifaa juu yake. Soksi zianikwe kwenye kamba, juani peupe, zipigwe pasi pande zote mbili hasa kwenye mishono. Zenye spandeksi tumia joto la kati, weka kitambaa cha pamba juu. Pasi hakuna? Zianike ndani ya nyumba, mbali na sakafu.

#11 Ngarenaro

Mkuu wa uzi, wapo wanaovaa soksi mbili nyembamba ili zisuguane zenyewe na ngozi isalimike. Wapanda milima wa Kilimanjaro wanafanya hivyo. Unaipinga?

#12 Orthotiki_Moshi

Kwa mtu mzima mwenye hisia kamili siipingi, kwa masharti. Hoja yake ni ya kweli: tabaka mbili zikitelezeana, ngozi inavutwa kidogo. Lakini kifaa kiwe kimepimwa na zote mbili, ya ndani iwe nyembamba sana na isiyoshika jasho, na zote zipite ukingo wa juu. Kwa mtoto, na kwa mguu usio na hisia, sitaki, isipokuwa zile siku 2 za mwanzo baada ya POP na hiyo njia ya shule aliyoieleza nesi, yenye kupimiwa. Kunjo likitokea kwenye ile ya ndani hakuna anayeliona.

Nikiombwa kuchagua sehemu moja ya kuweka fedha, ningesema jozi sita za soksi moja nzuri badala ya jozi tatu za kuvaa mbilimbili.

#13 Polio_Dodoma

KAFO je? Ngozi ya paja inaliwa na mkanda wa juu na hakuna soksi inayofika huko.

#14 Orthotiki_Moshi

Njia mbili. Ya kwanza, taiti ya pamba: kata mguu mmoja, ushonee chini uwe kama soksi ndefu, au uache wazi na uvae soksi ya kawaida fupi juu yake, mwingiliano uwe juu ya shavu la mguu, mbali na goti na kifundo. Mishono ya taiti inapita ndani ya mapaja, kwa hiyo igeuze nje.

Ya pili, bomba la pamba linalovalishwa chini ya POP, linauzwa kwa roli kwenye maduka ya vifaa vya hospitali. Upana wake ukilazwa bapa ni sentimita 5, 7.5, 10, 15. Mguu wa mtoto chini ya goti unaangukia 5 au 7.5, mtu mzima 7.5 au 10, na paja la mtu mzima ni 15. Kata kwa urefu wa mguu mzima, ongeza 10 kwa sababu likivutwa kwa upana linafupika. Halina mshono kabisa, hiyo ndiyo faida yake kubwa. Kasoro yake ni kwamba halina nguvu, likifuliwa mara kadhaa linalegea na kuanza kujikunja nyuma ya goti. Likifika hapo litupe.

Nyuma ya goti ndipo KAFO inapokamatia kitambaa, hasa yenye kufuli la goti. Kaa kwanza, fungua kufuli, nyoosha kitambaa nyuma ya goti kwa mkono, kisha simama ufunge. Ukifunga kabla ya kunyoosha, kunjo linabaki mle mpaka utakapokaa tena.

#15 Binti_wa_Mzee

Mzee wa kiharusi, mkono mmoja tu unafanya kazi, anataka kujivalisha mwenyewe. Inawezekana?

#16 Fizio_Mombasa

Inawezekana, na ni vizuri aachwe ajaribu. Shikamoo zangu zimfikie.

Akae kwenye kiti chenye mgongo, kisicho na magurudumu. Mguu dhaifu auweke juu ya goti la mguu wenye nguvu. Akishindwa kuupandisha, kiti kidogo cha jikoni mbele yake kinatosha. Aingize vidole vitano vya mkono mzima ndani ya mdomo wa soksi, avitanue, apitishe mdomo kwenye vidole vya mguu kuanzia kidole kidogo kwenda gumba. Halafu avute kidogo upande huu, kidogo upande ule, kwa zamu. Akivuta kwa nguvu upande mmoja soksi inajipinda na mshono unahamia chini ya unyayo. Soksi ya mdomo mpana ndiyo anayoiweza, na bomba la Cherehani hapo juu linamfaa sana kwa sababu halina kisigino cha kulenga, mshono tu ndio uwe mbele.

Kifaa akiingize kwenye kiatu kwanza, mikanda ikiwa imefunguliwa na kukunjwa nyuma ili velkro isinase soksi na kuichomoa nyuzi. Ndipo aingize mguu, akibonyeza goti chini kwa mkono mpaka kisigino kitulie. Mkanda wa kifundo kwanza, ugoko baadaye. Mwisho avute soksi juu kwa mbele na kwa nyuma kabla ya kukunja ile sentimita 5. Kwenye kifundo kwa mbele ndiko kunjo linakojikusanya, na mkanda unalikandamiza hapohapo.

Kama mguu unavimba jioni, soksi za kubana zisinunuliwe kiholela. Zipimwe na daktari, mzunguko wa damu uangaliwe kwanza, hasa akiwa na kisukari.

#17 Kijana_wa_Gikomba

Nyongeza ya viatu. Kiatu cha mguu wa kifaa toa soli ya ndani inayochomoka, ya mguu wa pili iache. Nafasi inapatikana kwa soksi na plastiki, na urefu wa miguu unakaribia kulingana kwa sababu plastiki iliyo chini ya unyayo imechukua nafasi ya ile soli.

#18 Mzazi_Arusha

Mwisho kwangu: kufua, na nitajuaje kuwa tatizo ni soksi au kifaa kimekuwa kidogo?

#19 Orthotiki_Moshi

Soksi mpya ifuliwe kabla ya kuvaliwa, inasinyaa na rangi ya ziada inatoka. Sabuni ya kawaida, isuuzwe maji mawili au matatu. Sabuni ikibaki kwenye nyuzi ikakutana na jasho inawasha. Dawa ya kulainisha nguo usitie, inazuia pamba kunywa jasho. Fua ikiwa imegeuzwa, kwa maana upande wa ndani ndio uliogusa ngozi, na ukiifua hivyo unaona nyuzi zilizochomoka. Jozi sita zinatosha mtu anayebadilisha mchana. Kifaa chenyewe kipanguswe kila usiku kwa kitambaa chenye sabuni kidogo, kikaushwe kivulini, kisiwekwe juani wala karibu na jiko.

Kutofautisha: vaa soksi mpya isiyo na kunjo, vaa kifaa saa 1, vua, angalia. Alama ikifuata umbo la nyuzi au mstari wa mshono, ni soksi. Ikiwa ya mviringo juu ya mfupa, na ikirudi palepale ukiwa umebadilisha soksi mbili tofauti, ni kifaa. Vidole vikipita ukingo wa mbele wa plastiki, au mikanda haifiki tena ilipokuwa ikifika na soksi ni ileile, kifaa kimekuwa kidogo kwa mtoto. Mpigie fundi sanifu wako, mwende na kifaa, viatu, na zile soksi mlizokuwa mkizitumia zikiwa hazijafuliwa. Madoa yake yanatuonyesha mguu ulipokuwa ukigusa.